Nani Hula Kila Fungu: Kujifunza Poka Kati ya Shinyanga na Geita

Vitabu vingi vya kumfundisha mtu poka huanzia mahali pasipofaa. Kurasa za mwanzo zinakuambia kwamba jozi mbili huzidi jozi moja, kwamba karata tano zinazofuatana hupigwa na karata tano za aina moja, na kwamba ree iko juu ya mfalme. Hayo ni mambo ya kukariri jioni moja, na hayajawahi kumwokoa mtu. Yanayoamua kama mgeni wa mchezo atabaki na nauli ya kurudi nyumbani husukumwa kwenye sura za mwisho: una akiba ya madau mangapi, meza inakata kiasi gani katika kila fungu, na unaweza kuzikunja karata zako bila kinyongo? Nimepita njia ya kutoka Shinyanga mjini hadi Geita nikiwa na somo hilo kichwani. Hoja yangu ni kwamba hakuna darasa linalofundisha mambo hayo matatu waziwazi kama ukanda huu wa almasi na dhahabu, ingawa kumwona mtu akicheza poka huku ni nadra kama mvua ya Agosti.

Mgeni anayefika huku huambiwa mapema kwamba watu wa machimbo wanapenda kamari. Ushahidi unaotolewa uko kando ya barabara. Maganzo, Kahama, Kakola, Katoro, kila penye wachimbaji pana banda la kubeti, vijana wamekodolea macho televisheni wakiwa na mikeka mkononi, na pana dubwi linalomeza sarafu kwenye kona ya duka. Karata nazo zipo, arubastini na lasti kadi, na mara nyingi zinachezwa kwa ubishi zaidi kuliko kwa pesa. Lakini kusema "ni tabia yao" hakuelezi kitu. Mikeka inachanika Mbagala na Kariakoo jijini Dar es Salaam vilevile, ambako hakuna aliyewahi kushuka duarani, yaani kwenye shimo la mchimbaji. Linalohitaji maelezo ni jambo jingine: kwa nini kazi ya uchimbaji mdogo, inayofanywa na watu wenye akili timamu na jasho la kweli, inawaacha wengi palepale walipoanzia, wakati dhahabu inatoka kila siku na bei yake mwaka 2025 ilipita dola 3,000 kwa aunsi? Poka ina jibu, na jibu hilo halihusu tabia ya mtu yeyote.

Nianzie Mwadui, maana ndiko hadithi ya bahati ilikopambwa zaidi. John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua almasi hapo mwaka 1940, jirani na Maganzo ya leo kwenye barabara ya Shinyanga na Mwanza. Alichokikuta ni bomba la mwamba wa kimberlaiti lenye ukubwa wa hekta 146 juu ya ardhi, moja ya makubwa kabisa duniani, na kutoka hapo lilipatikana jiwe la waridi la karati 54.5 alilopewa Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi mwaka 1947. Masimulizi ya mtaani humweka Williamson chini ya mbuyu, maskini aliyekata tamaa, jiwe likimjia miguuni. Yanaacha mambo mawili. Kwanza, alikuwa na shahada ya uzamivu ya jiolojia kutoka Chuo Kikuu cha McGill na alikuwa ameitafuta almasi kwa miaka, akifuata dalili za madini kwenye udongo hatua kwa hatua. Pili, mfuko wake ulipotoboka, alikuwepo I. C. Chopra, wakili wa Mwanza, aliyemtia mtaji na kuwa mbia wake. Ujuzi ulimpa Williamson nafasi nzuri kuliko wengine, na Chopra alimwezesha kukaa mezani mpaka nafasi hiyo izae. Ukiondoa mmojawapo, Mwadui ingekuwa imegunduliwa na mtu mwingine. Leo vijana wanaoitwa wabeshi huzunguka pembezoni mwa mgodi huohuo na machekecheo yao. Mawe wanayoyatafuta ni yaleyale, ila Chopra hawana.

Sasa poka yenyewe, kwa asiyeijua. Ni mchezo wa karata 52 ambamo kila mchezaji anajua sehemu tu ya habari. Katika namna iliyoenea zaidi, ile ya Texas, unapewa karata mbili za siri, kisha tano zinafunuliwa mezani kwa zamu, tatu kwanza, halafu moja, halafu moja. Kila hatua unaamua kufuata dau, kulipandisha au kukunja. Hapo ndipo inapoachana na bao. Kwenye bao, hata wakikutana mafundi wa Unguja, kete zote ziko machoni pa wote wawili, na anayefungwa amezidiwa hesabu. Kwenye poka habari iliyofichwa ni mali, na mkwara ni silaha halali. Kwa sababu hiyo John von Neumann na Oskar Morgenstern waliipa nafasi kubwa kwenye kitabu chao cha nadharia ya michezo cha 1944. Pia si ajabu kwamba mchezo uliochipuka pande za New Orleans mwanzoni mwa karne ya 19 ulinenepea kwenye kambi za dhahabu: California baada ya 1849, na Deadwood, ambako Wild Bill Hickok alipigwa risasi akiwa ameshika karata, tarehe 2 Agosti 1876. Watu ambao mchana kutwa wanalipia kitu wasichokiona hawahitaji kuelezwa maana ya kulipia karata isiyofunuliwa.

Nichukue mkono mmoja tu. Una karata mbili za shupaza. Mezani zimefunuliwa tatu, na mbili kati yake ni shupaza. Ukipata moja zaidi, tuseme umeshinda. Fungu lina shilingi 30,000, mpinzani ameongeza 10,000, na wewe unatakiwa kulipa 10,000 ili uione karata inayofuata. Shupaza zilizobaki ni 9 kati ya karata 47 usizoziona. Ukifuata dau hilo mara 47, kwa wastani mara 9 utachukua 40,000, jumla 360,000, na mara 38 utaacha 10,000 mezani, jumla 380,000. Hasara ni 20,000 kwa mara zote hizo, kidogo kiasi kwamba moyo hauioni. Sasa mwenye meza akate asilimia 5 ya fungu lililofika 50,000, yaani 2,500 kila unaposhinda. Mapato yako yanashuka hadi 337,500, na hasara inakuwa 42,500. Karata ni zilezile, mpinzani ni yuleyule, akili yako ni ileile, na hasara imezidi mara mbili. Mzoefu ataniambia sikuhesabu madau ya hatua zinazofuata. Kweli, sikuyahesabu, na yanaweza kuufanya mkono huu ulipe. Lakini hakuna ustadi unaoyafuta makato. Ustadi hufanya kazi juu ya kile ambacho makato yamekibakiza.

Ukitoka Kahama kuelekea Kakola unafika Bulyanhulu, mgodi wa chini ya ardhi unaoendeshwa na Barrick kwa ubia na serikali, ambayo ina asilimia 16. Mgodi kama huo, au ule wa AngloGold Ashanti uliofunguliwa Geita mwaka 2000, hauanzi kwa sururu. Unaanza kwa kuchoronga: sampuli za mwamba zinavutwa kutoka mamia ya mita chini, zinapimwa maabara, na ramani inachorwa ya wapi pana dhahabu na kiasi gani kwa tani. Wanalipia haki ya kuchungulia karata kabla ya kuweka dau kubwa. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa hana namna ya kuchungulia ila kuchimba, na akishachimba dau limeshaingia. Leseni ndogo hupewa Mtanzania kwa miaka 7, kwenye eneo lisilozidi hekta 10, na ndani ya leseni moja huweza kuwa na maduara mengi ya watu tofauti. Mwenye leseni huchukua mgawo wa mawe kutoka kila duara lililotema. Mwenye duara anagharamia chakula, matimba, kompresa na baruti. Wanaoshuka chini kwa kawaida hawana mshahara. Wanakula, wanachimba, na mwamba ukipatikana wanagawiwa mifuko. Viwango hubadilika kutoka rashi moja, yaani kambi moja ya wachimbaji, hadi nyingine, ila mpangilio haubadiliki. Mwenye leseni amekaa kwenye meza nyingi kwa wakati mmoja, na duara moja likifa hashtuki. Aliye chini kabisa ana meza moja, na dau lake ni mwili na miezi ya maisha yake.

Makato yenyewe yanaonekana vizuri zaidi kwenye karasha, mtambo wa kusagia mawe. Mifuko ya mawe inashushwa, mawe yanapondwa kwa nyundo mpaka ukubwa wa kokoto, kisha yanaingizwa kwenye pipa la chuma lenye gololi nzito ndani, na injini inalizungusha hadi yawe unga wa kijivu. Unga huo unatiririshwa na maji juu ya mwalo, ubao ulioinama na kutandikwa magunia au mataulo makuukuu, na dhahabu kwa uzito wake inanasa kwenye nyuzi. Taulo linasuuzwa kwenye beseni, zebaki inamiminwa, mkono mtupu unakoroga, kitambaa kinakamuliwa, na donge la rangi ya fedha linachomwa mpaka libaki la njano. (Moshi wa zebaki ni sumu, na aliyelishika donge anajua, lakini dawa mbadala inayomlipa siku hiyohiyo bado hana.) Donge linapelekwa sokoni. Geita ndiko lilikofunguliwa soko la kwanza la madini la mpango wa sasa, Machi 2019, na serikali inachukua mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Hayo ni makato yenye risiti, na watu huyalalamikia kwa sababu wanayaona.

Makato makubwa zaidi yamelala chini, pale maji ya mwalo yanapoishia. Zebaki mara nyingi hukamata chini ya nusu ya dhahabu iliyokuwa kwenye jiwe. Inayobaki imo kwenye ule unga uliopita, marudio, na kwenye karasha nyingi marudio ni mali ya mwenye karasha, yakiwa sehemu ya malipo ya kusaga. Yanarundikwa mpaka yawe kilima, kisha yanalowekwa kwenye matangi ya sianidi, na dhahabu ambayo mchimbaji hakuiona inatoka huko. Angalia nafasi ya mwenye karasha. Jiwe likiwa bovu, kusaga kumelipwa. Jiwe likiwa zuri, sehemu nene ya uzuri wake imebaki uani kwake. Hahitaji kujua lipi ni lipi. Simlaumu, ana mtambo na mafuta ya kulipia, na bila yeye jiwe lingebaki jiwe. Lakini mwenye kasino anayekata asilimia 5 na kuita hiyo biashara nzuri angefika kwenye karasha akavua kofia. Mwanafunzi wa poka anayetaka kuelewa kwa nini wachezaji wazuri wengi hawatoboi asome hapo kabla ya kusoma orodha ya mikono.

Linalofuata ni akiba, ambalo wanaoanza hulidharau kuliko yote. Chukua mtu mwenye nafasi nzuri kweli: katika kila dau la nusu kwa nusu anashinda mara 55 kati ya 100. Akijilipua, yaani akiweka kila alichonacho kila mara, uwezekano wa kuvuka raundi tano bila kufulia ni kama asilimia 5. Mtu huyohuyo, kwa nafasi hiyohiyo, akigawanya mtaji wake vipande 20 na kuweka kimoja kimoja, uwezekano wa kufilisika, hata akicheza bila kikomo, hauzidi asilimia 2. Hapo hakuna tofauti ya ujasiri wala ya bahati. Sasa mweke mtu aliyeuza ng'ombe na shamba la pamba ili afungue duara moja Rwamgasa. Hata akiwa fundi wa kusoma mwamba kuliko wote rashi nzima, amejilipua. Maji yakijaa duarani au mkanda wa mwamba ukipotea, ujuzi wake hauna tena mahali pa kufanyia kazi. Wanaomwita mcheza kamari wanakosea neno. Ni mchezaji mwenye mtaji mfupi, na hesabu za mtaji mfupi ni katili kwa kila mtu.

Pingamizi la haraka ni kwamba huwezi kumwambia maskini aweke akiba, kwa kuwa umaskini ndio huo wa kutokuwa nayo. Lina uzito, ila Shinyanga yenyewe inalijibu kwa sehemu. Wasukuma wana ngitili, eneo la malisho linalofungwa msimu wa mvua ili mifugo ipate kula kiangazi kikikaza. Watu wasio na ziada waliikata ziada kutoka kwenye kile walichohitaji leo, wakaiwekea miiko na walinzi. Ngitili zilipoharibika, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, uliwasaidia wanavijiji kuzirudisha, na nyika iliyoitwa jangwa ikaota miti tena. Mchezaji wa poka anayetenga fedha za mchezo mbali na fedha za unga na ada za shule, na asizivushe hata siku ya hasira, anafanya jambo ambalo mfugaji wa hapa angelielewa bila mwalimu. Kilichokosekana machimboni ni taasisi yake. Ngitili inalindwa na kijiji kizima, wakati mchimbaji yuko ugenini na mtaji wake uko peke yake.

Wapo watakaosema kulinganisha machimbo na meza ya karata ni matusi. Dhahabu inatoka ardhini, wakati kwenye poka shilingi niliyoshinda imetoka mfukoni mwa jirani. Nakubali nusu ya kwanza: uchimbaji huongeza mali duniani, karata hazizalishi chochote. Lakini mali kuongezeka kwa jumla hakusemi nani amebaki nayo, na njia ya jiwe kutoka duara hadi soko inaonyesha kwamba fungu huweza kukua huku mgawo wa mmoja ukipungua. Pingamizi zito zaidi ni la uhai. Mwaka 2015 kwenye machimbo ya Nyangalata, Shinyanga, wanaume watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi, na mmoja wao akafariki baadaye. Hapo ulinganisho unakatika, na ni vyema ukatike. Anayekataa kukunja karata mbovu hupoteza kete. Anayekataa kulihama duara lenye matimba yaliyooza, kwa kuwa ameshatia miezi na "mwamba umekaribia", anaweka kitu kisicholipwa. Fikra inayowasukuma wote wawili ni moja: kilichokwisha kuzama kinahesabiwa kana kwamba bado ni chetu. Poka inaikomesha fikra hiyo kwa gharama ya maharage, kama ukichezea maharage, na sioni mahali pa bei rahisi zaidi pa kuikomeshea.

Wengine wanasema hakuna cha ustadi, yote ni bahati. Ushahidi unawakatalia. Wachumi Steven Levitt na Thomas Miles walichunguza mashindano ya dunia ya poka ya 2010 huko Las Vegas, wakawatenga wachezaji ambao kabla ya mashindano walikuwa wanajulikana kwa ustadi. Hao walipata faida ya zaidi ya asilimia 30 ya ada walizolipa. Waliobaki walipoteza kama asilimia 15. Kwenye bahati tupu tofauti hiyo isingetokea. Ustadi wenyewe ni wa kuchosha kutazama: kwenye meza iliyojaa, fundi hukunja karata zake mara nyingi kuliko anavyocheza, saa baada ya saa. Maria Konnikova, mwanasaikolojia na mwandishi aliyejifunza poka kuanzia sifuri chini ya bingwa wa poka Erik Seidel na kuandika kitabu juu yake mwaka 2020, anarudia jambo moja: uamuzi upimwe kwa ubora wake, siyo kwa matokeo ya mara moja. Dubwi na mkeka haviwezi kumfundisha mtu hilo. Kwenye dubwi hakuna uamuzi wa kupima, na kwenye mkeka kampuni imeshapanga odi ili sehemu yake ibaki, yeyote atakayefunga bao.

Imani kwamba bahati ni kitu cha kununuliwa imeigharimu Kanda ya Ziwa damu. Kuanzia 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yalishika kasi katika mikoa hii, na utafiti wa Deborah Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington, uliochapishwa 2010, uliyaonyesha yalivyofungamana na waganga na wateja wao kwenye machimbo ya dhahabu. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Siamini kwamba somo la uwezekano lingewazuia wauaji, ambao walikuwa na tamaa kuliko ujinga. Ninachosema ni chembamba zaidi. Soko la hirizi hukua pale mtu anapoona jirani akitajirika kwa jiwe moja na hana maelezo mengine ya kwa nini siyo yeye. Usukuma wenyewe una mfano wa afya njema: kwenye mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu kila upande una dawa yake ya kuvuta watazamaji, na bado hakuna manju anayeacha kuwafanyisha wachezaji wake mazoezi.

Nifupishe lile la dini na sheria. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 iliunda Bodi ya kusimamia kasino, mashine na kubeti, na inawakataza walio chini ya miaka 18. Kurani inaikataza kamari katika Surat al-Maida, na makanisa mengi ya huku hayana huruma nayo pia. Kwa anayeamini hivyo, poka ya pesa imekwisha kujadiliwa. Poka ya maharage ni suala jingine, na wapo wanaoikataza hata hiyo. Sina ubishi nao. Ila nitapinga wazo kwamba kumficha kijana hesabu za mchezo kunamlinda. Amezungukwa na meza kutoka Maganzo mpaka Katoro. Asichokijua ni makato yake.

Kuna pia hadithi za waliotoboa. Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani, alishinda dola milioni 2.5 mwaka 2003 baada ya kuingia kwenye mashindano kupitia mchezo wa ada ndogo mtandaoni, na maelfu wakamfuata mezani. Juni 2020 Saniniu Laizer wa Mirerani aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa shilingi bilioni 7.7, na picha yake iko kwenye simu ya kila mchimbaji mpaka Geita. Wote wawili ni wa kweli na hawakudanganya mtu. Lakini waliofulia hawaitiwi kamera, kwa hiyo macho yetu huhesabu mara 9 za shupaza na kuziacha zile 38.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote nimeliacha nyuma makusudi. Kila mtu akifuata hesabu zangu, atakunja. Hakuna duara litakalofunguliwa Nyarugusu, na Williamson angerudi Kanada na shahada yake. Tena wachimbaji wadogo ndio mara nyingi waliotangulia: Bulyanhulu ilikuwa na wachimbaji wengi wadogo kabla ya kuondolewa 1996, na wakubwa wakaja nyuma yao. Maduara matupu yanalinunulia taifa habari. Nakiri hivyo, na ndiyo maana sidhani dawa ni kuwafundisha wachimbaji woga. Mchezaji hodari asiye na mtaji hatafuti ujasiri zaidi, anatafuta mfadhili, naye mfadhili mwenye akili hutaka kuona karata kabla ya kutoa. Mwaka 2023 Wizara ya Madini ilisema ni asilimia 16 tu ya nchi iliyokuwa imefanyiwa utafiti wa kina wa jiofizikia, na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, limeanza kuwachorongea wachimbaji wadogo kwa mitambo yake. Hiyo ni hatua ya kuwapa nao haki ya kuchungulia. Inabaki bili ya mita zile za kuchorongwa kabla duara halijafunguliwa, na kwa hesabu za poka mtu wa kuanza kudaiwa anajulikana: mwenye leseni, ambaye anachukua mgawo kwenye kila duara linalotema na halipii hata moja linalokufa.